Dereva anayekataa neno "uzembe"

Giza halijaondoka Buswelu. Winnie Akelo amelala chali juu ya gunia, nusu ya mwili wake iko chini ya gari. Kinachoonekana ni buti zake mbili na mwanga wa tochi unaohama taratibu kutoka springi moja hadi nyingine.

"Nipe spana hapo," anasema.

Mwandishi anapapasa kwenye boksi la vifaa na kumpa anayodhani ndiyo. Inarudishwa papo hapo.

"Siyo hiyo, kaka. Ile kubwa. Ehe."

Baada ya muda anajitoa chini ya gari, anajifuta mikono na kuanza upya kwa kuzunguka: matairi, breki, maji, mafuta. Nyuma ya kiti cha mwisho kuna kamba mbili nene zilizoviringishwa. Anazivuta zote, akizipitisha kwenye vidole kipande kwa kipande, akitafuta mahali palipolika.

"Wenzangu asubuhi wanaosha magari yang'ae," anasema. "Mimi nakagua. Mgeni hajawahi kufa kwa vumbi."

Anasema hivyo bila kutabasamu. Winnie hatabasamu ovyo akiwa kazini, na akianza kueleza kwa nini, sauti yake hupanda hadi majirani hufungua madirisha.

Ana umri wa miaka arobaini na moja. Kwao ni Rorya, kwenye kijiji cha wavuvi ukingoni mwa ziwa, mkoani Mara. Gari alijifunzia kwenye malori ya dagaa, akianza kama utingo. Baadaye alikwenda chuo cha ufundi, akapata leseni, akahamia Mwanza. Leo ni dereva wa safari za siku moja: asubuhi wanyama, mchana maporomoko, jioni nyumbani. Gari si lake. Analikodi kwa fundi mmoja wa Usagara. Mwezi mzuri hupata safari nne, mwezi wa masika hupata moja au hapati kabisa.

Kabla ya hapo aliajiriwa miaka tisa na kampuni ya utalii jijini Mwanza, ambayo makala haya hayaitaji jina. Alikuwa mwanamke pekee kati ya madereva wake. Kampuni hiyo ilimfukuza kazi siku moja baada ya kumzika mwenzake.

"Usiandike kwamba nina huzuni," anamwambia mwandishi akiwasha gari. "Huzuni ninayo, lakini hiyo ni ya nyumbani. Andika kwamba nina hasira."

Wageni wa leo ni walimu wanne wa sekondari. Wanapanda wakiwa na vikapu vya chakula na makoti mazito, na gari linashika barabara ya kwenda Magu.

Jua linachomoza wakiwa tayari Magu. Winnie anasimamisha gari kando ya barabara, mahali ambapo wanawake wanapanga ndoo za mchele. Hapa hasimami kununua chochote. Anashuka, anamwendea mama mmoja mnene aliyejifunga kitenge cha njano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula mbele."

"Mbele wapi? Chukua hili andazi."

Huyu ni Teodora Mhoja, mwenyekiti wa kikoba cha wanawake wauza mchele. Alikuwepo siku mwenzake Winnie alipokufa. Yeye na wenzake sita walichanga mwaka mzima ili waende kuona wanyama, kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, wazungu wanatoka walikotoka kuja kuona vitu vilivyo nyuma ya nyumba yake.

"Nimezaliwa hapa Magu," anasema Teodora. "Twiga nilimjua kwenye kibao cha hoteli. Tembo ndiyo tunamjua, lakini kwa fujo zake. Ndugu zangu kule Lamadi wanamsikia shambani, asubuhi wanakuta mpunga umelala."

Ilikuwa mwezi wa Aprili, miaka mitatu iliyopita. Kampuni ilitoa magari mawili. La mbele liliendeshwa na Winnie, akiwa na wenzi wawili vijana kutoka Dodoma waliokuwa kwenye fungate. La nyuma, lililobeba wanawake saba wa Magu, liliendeshwa na Nathaniel Mihayo.

Nathaniel alikuwa jirani yake Winnie hapo Buswelu. Winnie anamweleza kuwa mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kuimba kwa sauti ya chini barabara ikiwa mbaya. Mke wake, Dorotea, alikuwa amejifungua mtoto wa tatu wiki chache tu kabla.

Asubuhi ya siku hiyo ilikwenda vizuri kupita matarajio. Waliingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, wakaona pundamilia, nyamera, viboko wakipumua mtoni, na simba jike aliyelala katikati ya barabara kana kwamba aliilipia. Kisha wakamkuta tembo, peke yake, anakula majani hatua chache kutoka kwenye gari la Nathaniel.

Teodora alitoa kichwa juu ya paa lililo wazi, akaanza kumsema tembo yule kwa Kisukuma. Alimhesabia mashamba yote. Alimwita mwizi mchana kweupe.

"Nathaniel akanigeukia akaniambia, 'Mama, punguza sauti, huyu wa huku anaelewa Kisukuma,'" anakumbuka. "Tulicheka mpaka mwenzetu mmoja akalia. Mimi nataka watu wajue hilo pia. Yule kijana alitufurahisha siku ile. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa michezo. Alitufurahisha."

Anageuka, anapanga upya ndoo zilizokwisha kupangwa. Winnie anarudi kwenye gari na andazi mkononi, na safari inaendelea kuelekea Lamadi.

Nje ya hifadhi, mwendo wa saa moja kupanda vilimani, kuna maporomoko yanayoitwa Lugembe. Si makubwa. Kiangazi ni kamba nyeupe ya maji inayoteleza kwenye jabali, na chini yake bwawa la maji baridi ambamo watoto wa kijiji huoga. Barabara ya kufika huko ni mawe, makorongo na tope jeusi linaloshika tairi kama gundi. Wageni wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Wanapiga kelele gari likiinama, wanapiga picha matope yakiruka.

Kabla ya kufika kwenye maporomoko, barabara inakatiza mto. Hakuna daraja. Kuna bamba la zege lililolazwa chini ya mto, ambalo madereva huliita drifti. Kiangazi maji yanafunika nusu ya tairi. Masika, asiyejua anaweza kudhani hapajawahi kuwa na barabara.

Siku ile, mchana, mvua haikunyesha pale walipokuwa. Ilinyesha juu milimani. Walipofika kwenye drifti, mbingu juu yao ilikuwa ya buluu, na mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba matawi.

Winnie alishuka na fimbo, akaingia. Maji yalimfika magotini, hatua mbili mbele yakamfika mapajani, na akahisi miguu yake ikivutwa. Akarudi.

"Hapa hapana, kaka," alimwambia Nathaniel.

"Hapana," Nathaniel akajibu. "Tusubiri yashuke."

Ng'ambo ya mto kulikuwa na kambi ndogo ya kampuni. Meneja wa safari alikuwa ametangulia huko tangu asubuhi, akiwa na mfanyabiashara mmoja ambaye kampuni ilitaka awekeze fedha zake ndani yake. Chakula kilikuwa mezani. Kilichokosekana ni magari mawili yenye wageni wenye furaha, yakiingia mbele ya macho ya mgeni huyo.

Redio koli ikalia. Winnie, na wanawake watatu wa kikoba waliozungumza na mwandishi kila mmoja kwa wakati wake, wanayakumbuka mazungumzo hayo kwa maneno yanayokaribiana sana.

"Mbona mmesimama?" aliuliza meneja.

"Maji yamejaa, bosi," alisema Nathaniel.

"Mimi nimepita hapo."

"Ulipita asubuhi, bosi. Asubuhi yalikuwa hayajajaa."

"Nyie ni madereva au abiria? Wageni wamelipia maporomoko. Hawakulipia kukaa ng'ambo. Vukeni. Asiyeweza aache funguo kwenye kiti, vijana wa kuendesha wamejaa Usagara pale."

Winnie alichukua redio ya gari lake. "Mimi sivuki," alisema, akaizima.

Ya Nathaniel haikuzimwa. Meneja akamwita kwa jina. "Nathaniel, na wewe?"

Ili kuelewa kwa nini Nathaniel hakujibu kama Winnie, inabidi kujua jambo lililotokea miezi mitatu kabla. Mwezi wa Januari, ndani ya hifadhi, meneja huyo huyo alimwamuru kwa redio aache barabara na kumfuata duma kwenye nyasi, ili wageni wapate picha ya karibu. Ni kosa kufanya hivyo. Nathaniel alikataa. Aliporudi mjini alipewa onyo, akaambiwa kwamba akikataa amri mara nyingine asijisumbue kuja kazini.

Kwa hiyo alishuka, akazunguka gari, akafungua milango yote.

"Akina mama, naomba mshuke," alisema. "Mtavuka kwa miguu maji yakishapungua. Mimi nalipeleka gari."

Redio ikafoka. "Nimesema vuka na wageni!"

Nathaniel aliinama dirishani, akabonyeza kitufe. "Wageni wameshashuka, bosi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwenye redio.

"Nilisimama mbele ya gari lake," anasema Winnie. "Nikamwambia, kaka, usivuke, nitasema mimi ndiye niliyekuzuia, wanifukuze mimi. Akaniambia, 'Dada, mimi nina kichanga ndani.' Nikashika boneti. Akarudi nyuma, akanizunguka, akaingia majini."

Alifika katikati. Maji yalipiga ubavu wa gari, magurudumu ya nyuma yakahama, na gari likateleza taratibu nje ya zege. Liliegemea jabali upande wa chini, limeinama, maji yakiingia kwa dirisha moja na kutokea kwa lingine.

Winnie alifunga kamba kwenye bampa ya gari lake, akajifunga kiunoni, akaingia. Wanawake saba wa Magu walishika kamba kwa nyuma, miguu imezama kwenye tope. Yule kijana wa Dodoma naye alishika. Winnie alifika mlangoni, akamwona Nathaniel, akaupata mkono wake. Wakashikana.

"Alikuwa ananiangalia," anasema. "Jabali likaliachia gari."

Wanawake walimvuta Winnie nje. Kamba ilikuwa imemchana kiganja, na mpaka leo vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki sawasawa. Ng'ambo ya pili, meneja alikuwa ameshafika ukingoni.

"Tulimsikia," anasema Teodora. "Wote saba. Alikuwa anapiga kelele, 'Gari! Gari!' Mimi nilidhani atasema jina la mtu."

Mwili wa Nathaniel ulipatikana kesho yake, umenasa kwenye matete chini ya mto. Wanakijiji ndio walioutoa.

Hasira ambayo Winnie anataka iandikwe haikuanzia mtoni. Ilianza siku mbili baadaye, alipopelekewa nakala ya maelezo ambayo kampuni iliwapa wachunguzi wa ajali. Yalisema dereva aliwaacha wageni ukingoni bila idhini, akaingia mtoni peke yake kwa kujifurahisha, na kwamba ajali ilitokana na uzembe wake. Ushahidi uliotajwa ulikuwa mmoja: gari lilikutwa halina abiria.

"Umeelewa walichofanya?" Winnie anauliza. Ameshika usukani kwa nguvu mpaka mishipa ya mikono imetokeza. "Aliwashusha ili wasife. Wao wakachukua kule kuwashusha, wakasema ndiyo kosa lake. Wema wake wakaugeuza kamba ya kumnyongea."

Mazishi yalifanyika Buswelu. Uwanja ulijaa. Baada ya mahubiri, mwakilishi wa kampuni aliyevaa suti nyeusi alisimama kutoa salamu za rambirambi. Alisema kampuni imempoteza kijana mchapakazi. Kisha akasema kifo hiki kiwe funzo kwa madereva wengine kufuata taratibu za kazi.

Winnie hakuwa kwenye ratiba ya wazungumzaji. Alitoka walipoketi wanawake, mkono ukiwa na bandeji, akatembea mpaka mbele. Mwongoza ratiba alimwambia kwa sauti ya chini kwamba muda umekwisha. Winnie akachukua kipaza sauti mkononi mwake.

"Ndugu zangu," alisema, "mmesikia kwamba marehemu hakufuata taratibu. Ni kweli, ipo amri moja aliivunja. Aliambiwa avuke na wanawake saba. Akawashusha. Hao wapo hapa. Akina mama, simameni mwonekane."

Nyuma ya turubai, wanawake saba waliokuja kwa gari la mizigo kutoka Magu wakasimama. Watu waligeuza shingo. Dorotea, aliyekuwa amekaa na kichanga mapajani, aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hawa wasingesimama hapa leo," Winnie aliendelea, "kama angekuwa mtii. Kwa hiyo mnaponiambia kuhusu uzembe, mniambie ni wa nani."

Mwakilishi wa kampuni aliondoka kabla ya jeneza kushushwa. Siku iliyofuata, Winnie alipokea ujumbe mfupi kwenye simu ukimwambia asiripoti tena kazini. Alijaribu kampuni nyingine tano za mjini. Mbili zilimwambia wazi kwamba ni dereva mzuri lakini ana mdomo.

Kampuni haikuishia hapo. Watu wawili walikwenda Magu na mifuko ya sukari na doti za khanga, wakawaambia wanawake wale kwamba safari yao itarudiwa bure wakati wowote wakipenda. Walichotakiwa kukubali ni kwamba, kwa kelele za maji, hawakusikia vizuri kilichosemwa kwenye redio.

Teodora aliwasikiliza mpaka mwisho. "Nikawaambia, sukari yenu mkaikoroge kwenye mto ule," anasema. "Khanga mkafunike nazo aibu."

Shauri la Dorotea la kudai haki ya mume wake lilichukua zaidi ya miaka miwili. Liliahirishwa mara nyingi kiasi kwamba Winnie anasema alianza kulichukia neno "kuahirishwa" karibu kama anavyolichukia lile la "uzembe". Kila lilipotajwa, wanawake wa Magu walifunika ndoo zao za mchele, wakaja Mwanza, wakakaa kwenye benchi, wakaambiwa warudi.

Siku Teodora aliposimama kutoa ushahidi, wakili wa kampuni alimuuliza kama anajua redio koli inavyofanya kazi.

"Sijui, baba," alijibu. "Kiswahili ndicho ninachokijua. Alisema vuka na wageni."

Mwishoni mwa mwaka jana uamuzi ulitolewa. Ulisema marehemu alivuka kwa amri ya mwajiri na kwa kuogopa kufukuzwa. Neno uzembe likaondolewa mbele ya jina lake. Dorotea alipata mafao ya mume wake.

Nyumbani kwake Buswelu, Dorotea anaeleza kilichomuumiza zaidi katika muda wote ule. Hakikuwa njaa.

"Mwanangu mkubwa alirudi shuleni akaniuliza kama ni kweli baba alikufa akichezea gari," anasema. "Mtoto wa darasa la tatu. Nilimwambia siyo kweli, lakini niliona anataka mtu mwingine amwambie, siyo mimi. Wifi Winnie ndiye aliyemchukua akaenda kumweleza. Sijui walizungumza nini. Alirudi amelala mgongoni kwake."

Mtu angetarajia kwamba baada ya uamuzi huo Winnie angetulia. Hajatulia, na akieleza sababu ni vigumu kumlaumu.

Kampuni ile haipo tena, kwa maana ya karatasi. Magari yapo. Yamepakwa rangi nyingine na kuandikwa jina lingine milangoni. Kambi ya Lugembe ipo. Meneja yupo, kwenye kiti kile kile, na redio mezani. Hakuna mtu yeyote aliyefikishwa popote kujibu kwa amri ile. Mwandishi alipompigia simu, meneja alisema, "Suala hilo lilishafungwa, tusiwasumbue wafiwa," akakata.

"Wafiwa!" Winnie anarudia anaposimuliwa. Anacheka kicheko kikavu. "Leo ndiyo amewajua wafiwa. Wakati anaandika uzembe walikuwa nani?"

Gari linapanda vilima. Mawe yanagonga chini, walimu wanajishika kwenye vyuma, mmoja anapiga kelele za furaha. Winnie anashusha gia, anaacha gari litambae, anajua jiwe gani la kupanda na lipi la kuliacha. Kwenye korongo moja gari linainama mpaka vikapu vinahama upande. Anawaambia wageni wasiogope, na kwa sauti anayoitumia, hawaogopi.

Kwenye drifti anasimama. Ni kiangazi. Maji ni mepesi, unaona mchanga chini. Hata hivyo anazima injini, anashuka, anaingia na buti zake mpaka ng'ambo, anarudi.

"Dada, si hata kuku anavuka hapa?" mwalimu mmoja anauliza. "Tutachelewa maporomoko."

Winnie anageuka. Kwa dakika nzima inaonekana kana kwamba atamfokea. Kisha anavuta pumzi.

"Mwalimu," anasema, "mimi nikisema twende, tutakwenda. Nikisema hapana, utapiga kelele, utadai hela yako, na nitakurudishia. Lakini hapana itabaki hapana."

Mwalimu anakaa. Gari linavuka.

Lugembe inasikika kabla haijaonekana. Walimu wanavua viatu, wanashuka kwenye ngazi za mawe, na baada ya muda vicheko vyao vinachanganyika na sauti ya maji. Tumbili wawili wanawatazama kutoka kwenye mti, wakipigia hesabu vikapu. Winnie hashuki bwawani. Tangu siku ile hajawahi kushuka. Anabaki juu, ameegemea gari, anamenya chungwa kwa kisu.

Gari jingine linafika, moja ya yale ya kampuni yaliyopakwa rangi mpya. Wageni wake wanateremka na kamera. Dereva, mwanamume wa miaka thelathini na kitu anayeitwa Okech, anasubiri mpaka wote washuke bondeni. Anaangalia upande wa kambi, ambako meneja huwa, kisha anakuja akijifanya anakagua tairi.

"Habari za siku, dada."

"Nzuri. Za huko?"

"Tunasukuma tu." Anapiga tairi kwa buti. "Dada, tumetumiwa ujumbe juzi. Madereva wote. Atakayeonekana kwenye kile kikao chako Jumapili, Jumatatu asirudi kazini."

Kikao anachokisema ni hiki. Winnie ameomba ukumbi mdogo Usagara, ambako magari mengi ya safari hupita na madereva wengi wanaishi jirani. Anataka kuanzisha chama cha madereva wa utalii wa kanda ya ziwa. Ameshaongea na mwanasheria anayejitolea. Katiba bado haijaandikwa, lakini kifungu cha kwanza anacho kichwani: dereva akikataa kuvuka maji au kuacha barabara kwa usalama wa watu, hakuna mwajiri atakayemfukuza, na akifukuzwa, wote wanaegesha magari.

"Wote," anasisitiza. "Siyo yeye peke yake. Nathaniel alikuwa peke yake. Mimi nilikuwa pale, lakini kazi ilikuwa yake peke yake, na watoto ni wake peke yake. Wangekuwa wanajua kwamba wakimgusa yeye magari yote ya Mwanza yanalala, yule bwana angemwambia asubiri, tena kwa upole."

Okech anamsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ana mke, ana mama mgonjwa Tarime, analea watoto wa marehemu dada yake. Anayasema hayo bila kuulizwa.

"Najua," Winnie anamwambia. "Mimi sikuiti. Nakwambia tu ukumbi uko wapi."

"Ukumbi naujua."

"Basi."

Redio kwenye gari la Okech inakoroma. Sauti ya mwanamume inauliza kwa nini gari limesimama mbali na kambi. Okech anarudi mbio, anajibu, anawasha injini. Kabla ya kuondoka anaangalia upande wa Winnie mara moja, na kwa uso wake huwezi kujua kama ni ndiyo au hapana.

Mwandishi anamuuliza Winnie anatarajia watu wangapi Jumapili, baada ya ujumbe ule.

Anaangusha maganda ya chungwa kwenye mfuko, anaufunga, anautia garini. Kule chini walimu wameanza kupanda ngazi, wamelowa, wanaitana kwa majina.

"Hata akija mmoja," anasema, "tutakuwa wawili."